Duqsi, Sio Dugsi

Mama yako alikufa Ijumaa asubuhi, siku ya tisa baada ya kujifungua, ndani ya chumba hiki hiki ninachoandikia. Uliambiwa ni homa. Homa ilikuwepo. Lakini hospitali ilikuwepo pia, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na mimi sikumpeleka.

Deqa, hiyo ndiyo nilitaka kuandika kwanza kabla sijaogopa. Sasa nimeiandika. Naendelea.

Ni baada ya duhur. Umeenda kwa eedo yako Halima, dada yangu, kumwambia huendi tena Nairobi. Utarudi magharibi. Mimi leo sikuenda kazini. Nilimwambia msimamizi goti limekataa. Goti ni lile la siku zote, halijakataa. Tiketi yako iko juu ya redio, kesho saa kumi na mbili asubuhi. Jana ulitoa nguo zote kwenye sanduku ukazirudisha kwenye kamba, moja moja. Nilikuona. Sikusema kitu.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kisomali nazungumza tu, sikufundishwa kukiandika. Kiswahili nilifundishwa madarasa manne pale Kutulo, na mwalimu mmoja kutoka Bungoma aliyenichapa kila siku kwa sababu lugha yetu haina p na niliandika bunda mahali pa punda. Mpaka leo nikifika kwa p nasimama kidogo. Na sababu ya pili, haya maneno kwa Kisomali yananichoma mdomo. Kwa Kiswahili ni kama nasema habari ya mtu mwingine. Lakini si mtu mwingine. Ni mimi.

Mambo ya kula na kulala na kuvuka barabara sikuandikii. Hayo utajua.

Nianze na ya juzi, ndiyo ndogo.

Ile siku ulipata barua ya kuitwa Nairobi kufanya utafiti, nilikutana na Abti Bare, kaka wa mama yako, pale soko la mifugo. Tulikuwa tunapakia. Lori linanguruma, mbuzi wanalia. Nikampigia kelele kwamba mpwa wake amechukuliwa Nairobi, atafanya kazi ya duqsi. Nzi ni duqsi. Chuo cha Quran ni dugsi. Kwa Kiswahili hayo maneno hayako karibu hata kidogo. Kwa lugha yetu tofauti ni herufi moja, tena ya kooni, na kwenye kelele ya lori hiyo herufi haisikiki. Abti akasikia dugsi. Akanikumbatia. Rangi yangu ya buluu, ile ya kupaka mbuzi, ikamwingia kwenye kanzu na hata hakujali. Akasema mashallah, binti wa Sahra atafundisha watoto wa Nairobi Quran.

Palepale nilijua amesikia vibaya. Ilikuwa neno moja tu kumrekebisha. Lakini Bare alikuwa hajanikumbatia tangu tumzike dada yake. Nikasema inshallah, nikashika mguu wa mbuzi mwingine.

Neno likaenda. Wazee msikitini wakakuombea dua. Mama wa chai akaniwekea maziwa ya ngamia bila kuulizwa. Abti akachinja, watu wakaja. Wewe ulifikiri wanafurahia masomo yako. Ulikula ile nyama ukaniambia, "Aabo, kumbe watu wetu wanapenda sayansi." Mimi nikaendelea kutafuna.

Mpaka juzi. Abti amekaa hapa kwenye mkeka na wanawe, anakuuliza utaanza na watoto wa juzuu gani. Ukacheka, ukafikiri anakutania.

"Watoto gani, Abti? Ni duqsi. Nzi. Wale wa ndizi."

Ukamwonyesha chupa zako tatu za nzi pale dirishani. Mwana wake mkubwa akacheka mpaka akamwaga chai. Akakuita hafidha wa nzi, akauliza kama wanatawadha. Abti hakucheka. Hakukuangalia wewe. Aliniangalia mimi.

"Nimechinja kwa ajili ya nzi," akasema.

Halafu ndiyo akakugeukia, na yale mengine unayakumbuka. Kwamba una miaka ishirini na tatu. Kwamba utakaa chumba cha kukodi mji wa watu ukiangalia wadudu wakizaana. Kwamba baba yako goti limekwisha, nani atampikia. Ulivumilia yote. Halafu ukaniangalia.

"Aabo, wewe unasemaje? Ukisema nibaki, nabaki."

Nikaangalia kikombe changu. Kilikuwa hakina kitu.

"Basi nimesikia," ukasema.

Hukusikia, Deqa. Hakukuwa na kitu cha kusikia. Unafikiri nikinyamaza nimeamua. Watu wengi wanafikiri hivyo, wanasema huyu mtu mzito, maneno machache. Ni woga. Ndani ya kunyamaza kwangu hamna kitu kingine. Na usije ukajenga maisha yako juu yake, kwa sababu mama yako alijenga, na nitakuambia alifika wapi.

Ulikuwa na miaka tisa. Uchungu ulipoanza ulipelekwa kwa Eedo Halima. Mtoto alizaliwa asubuhi, mvulana. Yule mkunga mzee, Mungu amrehemu, alinitolea amefunikwa, akaniambia nimwangalie kabla watu hawajaja. Nikamwangalia. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka mpaka puani. Vidole vya mkono wa kulia vyote vimeshikana. Mguu mmoja umegeukia nyuma. Macho yake yalikuwa mazuri. Alikuwa anapumua.

Wewe uliambiwa alizaliwa amekufa. Watu wote waliambiwa hivyo. Alipumua kutoka asubuhi mpaka karibu na sala ya asri.

Unajua kazi ya baba siku hiyo. Baba anamshika mtoto anamwadhinia sikio la kulia, ili neno la kwanza analolisikia duniani liwe hilo. Wewe nilikuadhinia, na sauti yangu ilikatika katikati. Mama yako alinicheka mwaka mzima, akawa akitaka kitu ananiita muadhini. Huyu sikumwadhinia. Nilikaa naye kwenye kivuli cha choo, mahali watu hawapiti, nikangoja. Nilikuwa nangoja afe. Nilifikiri nikimwadhinia atakuwa ameshaingia kwangu, na watu watakuja kumtazama, na watamtazama mpaka akue.

Mama yako akaita kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Umemwadhinia?"

Nikasema ndiyo.

Nilimzika mwenyewe, kona ya makaburi, mkunga akinishikia jembe. Hana jina. Kama mama yako alimpa jina, hakuniambia mimi.

Siku ya pili nikafanya lingine. Nilimwambia mama yako kwamba kwetu, kwa ukoo wangu, hajawahi kuzaliwa mtoto wa namna hiyo. Sikuongeza kitu. Hilo tu. Nilijua linakwenda wapi. Akageukia ukuta. Alikuwa mwanamke wa kujibu, wewe mdomo wako umeutoa kwake, lakini hilo hakujibu. Nafikiri aliliamini.

Siku ya nne homa ikaanza. Siku ya sita Abti Bare akaja na gari la kuazima, injini ameiacha inawaka, anataka kumpeleka hospitali. Nilisimama mlangoni. Nikamwambia mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, kwani wewe unataka kuvunja mila juu ya dada yako mwenyewe? Kila mtu anajua mgonjwa anatolewa hata siku ya kwanza. Hakuna sheikh atakayekataa. Lakini nilisema kwa sauti ya mtu wa dini, na Bare ni mtu wa heshima. Akazima gari. Akakaa kidogo kwenye usukani. Halafu akaliwasha akaenda.

Sikuwa nalinda arobaini. Niliogopa daktari atauliza mtoto yuko wapi, alikuwaje, nani alimwona. Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na ndani ya huo mlango nimesimama mimi.

Siku ya nane alipata nafuu kidogo. Aliomba maji. Akaniuliza kama safari hii sauti haikukatika.

Nikasema haikukatika.

Akacheka. Akaniita muadhini. Kesho yake akafa.

Hiyo ya adhana haina dawa. Usinitafutie. Sijamuuliza sheikh kama inafaa baada ya miaka kumi na nne, juu ya kaburi ambalo hata sijui vizuri ni lipi. Naogopa atajibu.

Miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia mtu. Na labda nisingesema. Nzi wako ndio walionitoa.

Mwanzo niliwachukia. Mtu anatoka kazini amechoka, anakuta ndizi zinaoza ndani ya nyumba kwa makusudi. Ile siku ya kwanza uliwapikia uji wao, ndizi na unga wa mahindi na hamira, mimi nikafikiri ni wangu. Nilikula vijiko vitatu. Ukarudi ukanikuta. Ulicheka ukakaa chini. Nilikuambia mwalimu wako Madam Mutheu, kama anataka kufuga, kwetu kuna ngamia, kuna mbuzi, kuna punda, kwa nini achague kitu ambacho watu wanafukuza. Ukaniambia Aabo, wanakua kwa siku kumi, na wamejengwa kwa mambo yale yale tuliyojengwa sisi.

Halafu ukachukua betri nne za tochi yangu na uzi wa kushonea. Nakumbuka kila kitu ulichosema siku hiyo. Sikukuonyesha, lakini nilishika.

Ulisema ndani ya kila seli ya nzi kuna uzi mrefu, na maneno yote ya kumtengeneza nzi yameandikwa kwenye huo uzi. Ule wa jicho na ule wa mguu ni mmoja, hakuna tofauti. Nikauliza, kama maneno ni yale yale, jicho linajuaje kwamba ni jicho? Ulifurahi na hilo swali mpaka ukanipiga bega. Hakuna mtu amewahi kufurahi hivyo kwa sababu nimeuliza kitu.

Ukazungusha uzi kwenye betri. Ukasema uzi haukai wazi, umezungushwa juu ya protini, mamia na mamia, na hizo protini zinaitwa histoni. Palipobanwa sana hapasomeki. Palipoachiwa panasomeka. Sasa nani anasema hapa pabanwe na hapa paachiwe? Ukachovya kijiti kwenye mkebe wangu wa rangi ukagusa betri moja buluu, nyingine nyekundu. Ukasema kila histoni ina kamkia kanatokeza nje, na kwenye hako kamkia kunawekwa alama ndogo ya kemikali. Kuna protini kazi yake ni kuiweka, kuna nyingine kazi yake ni kuifuta. Alama moja inasema funga. Nyingine inasema fungua. Uzi haujaguswa.

Nikasema hiyo ni kazi yangu.

Na ni kweli. Miaka ishirini napaka mbuzi. Buluu mgongoni anapanda lori la Nairobi. Nyekundu anabaki kwa bucha za hapa. Mbuzi ni yule yule, mama mmoja, baba mmoja, malisho mamoja. Nimegusa tu manyoya. Lakini huyu kesho yuko mbali na huyu kesho yuko kwenye ndoano. Mimi nilifikiri hiyo ni kazi ya mtu ambaye hakusoma.

Ukasema kuna protini zingine kubwa, hazipaki rangi. Zinasukuma. Zinashika betri na kuisogeza kwenye uzi, au kuitoa kabisa, ili pale chini pasomeke. Zinakula nguvu nyingi.

"Hao ni makuli, Aabo," ukasema.

"Wana msimamizi?"

"Wanaangalia rangi. Rangi ikiwaita, wanakuja."

"Na wasipokuja kazini?"

"Hakuna nzi. Yai linabaki yai, au funza anafia njiani."

Nilienda sokoni kesho yake nikawaambia wenzangu kwamba hata ndani ya nzi kuna makuli, na wakigoma hakuna kiumbe. Walinicheka wiki nzima. Mpaka leo kuna mmoja nikifika anasema, histoni imefika, sogezeni mizigo. Sikasiriki.

Halafu ukaleta ile chupa ya tatu. Ukamlaza mmoja usingizi ukamweka chini ya lenzi, ukaniambia angalia kichwa. Nzi wa kawaida ana vinywele viwili vya kunusia pale mbele. Huyu pale pa kunusia palianza kutoka mguu. Mguu, na vifundo vyake, kichwani. Ukaniambia maneno ya mguu yako hata kwenye kichwa, lakini kwenye kichwa yanatakiwa kufungwa na kubaki yamefungwa maisha yote. Huyu protini yake ya kulinda alama ya kufunga ni pungufu. Basi pale kichwani mguu umefunguka.

Nilikaa na ile lenzi muda mrefu. Wewe ulifikiri nashangaa tu. Halafu nikakuuliza, unakumbuka?

"Sasa huyu nani alimfanyia hivi? Mama yake?"

"Hakuna mtu, Aabo. Hakuna aliyefanya ubaya. Ni alama tu haikukaa."

"Na mtu akizaliwa namna hiyo?"

Ungeweza kunidanganya.

"Kwa nzi najua. Kwa mtu bado. Ndiyo wanatafuta."

Nikatoka nje. Nilikuambia naenda kuswali, na asri ilikuwa bado. Nilienda sokoni, siku hiyo hakuna mnada, nikaingia kwenye zizi la mwisho nikafunga lango kwa ndani nikasimama na mbuzi wa watu. Miaka kumi na nne nilikuwa na jibu langu. Kwamba ni mama yako, ni tumbo lake, ni ukoo wake. Lilikuwa jibu baya lakini nililalia. Wewe ukaliondoa kwa betri za tochi. Sasa nikilala naona uso wake umegeukia ukuta.

Mimi sisemi ndugu yako alikuwa kama yule nzi. Mimi ni mtu wa darasa la nne, na wewe mwenyewe umesema bado. Lakini hiyo bado ndiyo inanifanya nishike kalamu. Mtu lazima aende akakae pale mpaka iache kuwa bado. Kuna mwanamke sasa hivi, sijui wapi, labda Banissa, labda Ifo kambini, amelala amegeukia ukuta kwa sababu mume wake amesema kwetu hakuna mtoto wa namna hiyo. Hajui kwamba uzi wake labda hauna kosa. Hajui hata kwamba kuna uzi.

Na kuna lingine, nalo nilitaka kuliruka.

Mwaka uleule alipokufa mama yako nilijaribu kukuacha. Tulipakia lori nikapanda na mbuzi, mimi pia kama nimepakwa buluu. Sikumuaga Halima. Nilitaka kushuka Nairobi nipotee. Tulifika kizuizi cha darajani, askari akataka kitambulisho, nikapapasa mifuko. Nilikiacha nyumbani. Nilikuwa nimevua shati moja nikavaa lingine, kitambulisho kiko kwenye lile la kwanza. Akanishusha. Akaniambia rudi, mzee, leo huendi popote. Nikarudi kwa miguu. Nilikukuta umekaa mlangoni kwa Halima na lile shati langu unalifua kwenye karai. Kitambulisho ulikuwa umekianika juani.

Watu wanasema nilibaki kukulea. Wananisifu, mwanamume asiyeoa tena, amelea binti peke yake. Nilishushwa kwenye lori, Deqa. Halafu nikazoea. Kukulea nilikulea kweli, hilo sikatai, na nilikupenda kabla sijajua, lakini mwanzo wake ni huo. Hunidai kubaki. Hata mimi kubaki kwangu hakukuwa uamuzi.

Sasa mimi siwezi kutoka hapa. Goti, na umri, na makaburi mawili. Nikiangalia nzi wako kwenye chupa, wanapanda kioo wanaanguka, wanapanda tena, nawaelewa. Lakini wewe ukibaki kunipikia, hapa ndani tutakuwa wawili, na mimi nitakuwa nimesimama mlangoni mara ya pili.

Leo asubuhi nilienda kwa Abti Bare. Ndiyo sababu sikuenda kazini. Nilimkuta anakunywa chai peke yake. Nikaanza na ndogo, kama nilivyoanza na wewe. Nikamwambia nilijua alisikia dugsi na nikaacha. Akasema hilo amelijua tangu juzi, alipoona sura yangu. Halafu nikamwambia ile ya mlango na arobaini. Nikamwambia mtoto alikuwa hai. Nikamwambia adhana.

Hakunipiga. Nilitaka anipige. Aliweka kikombe chini, akakizungusha, akakizungusha.

"Injini ilikuwa inawaka," akasema. "Nilizima mwenyewe."

Nikamwambia kosa si lake.

"Usiniambie kosa ni la nani. Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu juzi Deqa aliniuliza kitu, na nikafanya vilevile."

Akaniambia nitoke. Nikavaa viatu. Nilikuwa nimeshafika langoni nikasikia nyuma yangu:

"Gari lake ni saa ngapi?"

Nikasema saa kumi na mbili. Mlango ukafungwa. Sijui maana yake. Labda atakuja kukusindikiza, labda hatakuja. Akija, panda naye, na usimtetee baba yako. Asipokuja, Eedo Halima atakupeleka, nimeshamtumia salamu kupitia jirani, atakuwa ameshakuambia kabla hujasoma hii, hawezi kukaa na siri.

Nguo zako nimezitoa kwenye kamba nikazikunja. Vibaya, utaona. Mama yako wakati tunahama, kule Kutulo kabla ukame haujamaliza mifugo, alikuwa anafunga nyumba nzima juu ya ngamia mmoja, miti na mikeka na vyombo. Mwanamke mwingine akifunga, mkifika mnatoa kila kitu ndipo mpate sufuria. Yeye alijua kitu gani kitahitajika kwanza, na hicho anakiweka juu, na vingine vinabaki vimekunjwa mpaka siku yake. Nyumba ni ileile, mikeka ni ileile. Nilikuwa naona ni kufunga tu mizigo. Nimejaribu kufanya kama yeye. Sweta iko juu kwa sababu Nairobi ni baridi. Barua hii iko juu ya sweta.

Chupa mbili nimezifunga kwa shali yako ili zisivunjike. Ile ya tatu niachie. Uji wao najua kupika.

Juzi uliniuliza nasemaje. Nasema nenda. Na mtu akikuuliza unaenda kufanya nini, sema duqsi, itoe kooni vizuri asikie nzi. Wacheke kama wanataka. Mimi nimeona neno moja lililoachwa bila kurekebishwa linavyokua.

Ukinichukia baada ya kusoma, chukia ukiwa kwenye gari. Lakini uwe kwenye gari.

Sitakuja steji. Leo nitakaa msikitini mpaka ulale, na alfajiri nitaswali na kutoka kabla hujaamka, kwa sababu ukiona uso wangu utaanza tena kuniuliza, na mimi bado siamini mdomo wangu kama ninavyoamini hii karatasi. Kuna lori la mbuzi linapakiwa saa hiyo hiyo, na wanaokwenda hawajapakwa rangi. Kesho narudi kazini.